Kituo cha vijana kimekamilika, vijana wenyewe wamekaa nje ukutani. Kosa ni la nani?

#1 Mchora_Ramani (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Kuna mtaa mmoja mashariki mwa mji, sitautaja kwa sababu nawajua walioujenga mradi. Ukumbi wa zamani umekarabatiwa: vigae, rangi, kompyuta kadhaa, rafu ya vitabu, na bango kubwa linalosema ni kituo cha vijana na cha kujifunzia. Pita pale saa kumi na moja jioni. Wale wa miaka 13 hadi 17 wamejaa nje, wamekalia ukuta wa mtaro, jengo wamelipa mgongo. Ndani kuna mlinzi na mzee mmoja wa kamati na gazeti lake.

Watu wa mtaa wanasema vijana wa siku hizi hawataki kitu. Mimi nasema kosa ni la mchoro. Ule ukuta una kimo cha kukalia. Jioni una kivuli. Ukiwa pale unaona kila anayepita barabarani na unaweza kuondoka bila kuaga mtu. Ukumbi una mlango mmoja, na mlangoni kuna daftari la kuandika jina na namba ya simu ya mzazi. Nani angechagua kuingia? Nipingeni.

#2 Kibanda_cha_Gemu (Kondele)
Hawako ukutani wote. Wengine wako kwangu. Mechi ni shilingi ishirini na hakuna daftari.

#3 MamaTatu_Migosi
@Kibanda_cha_Gemu kumbe ni wewe unayekula nauli ya mwanangu! Tutaonana.

Sasa @Mchora_Ramani, baba, mimi hilo daftari nalitaka. Nikiambiwa mtoto yuko kituoni nataka mtu wa kunithibitishia aliingia saa ngapi na akatoka saa ngapi. Nyinyi wachoraji mnafikiria kivuli na kimo cha ukuta. Mzazi anafikiria nani mwingine yuko mle ndani. Halafu vijana wana uwanja wa Jomo Kenyatta, uliotengenezwa vizuri kwa ajili ya sikukuu ya Madaraka ya 2021. Kwa nini wasiende huko?

#4 Jirani_wa_Mamboleo
Mama, viwanja ni viwili. Madaraka ya 2021 ilifanyika huku kwetu Mamboleo, Jomo Kenyatta International. Ule wa mjini ni Jomo Kenyatta Sports Ground. Mtoto wa Nyalenda akitaka kuja wa huku ni bodaboda kwenda na kurudi, na hiyo ni pesa kuliko mechi za Kibanda.

#5 Mwalimu_wa_Junia (Otonglo)
Mchora, nikuulize kabla hatujalaumu ukuta. Ulipita mwezi gani? Wanafunzi wengi wa sekondari wa sehemu hizi wako bweni. Wanaobaki mtaani siku za masomo ni wa gredi ya 7 hadi 9, wa kutwa, na walioacha shule. Hayo ni makundi matatu tofauti kabisa. Ikifika Aprili, Agosti na ile likizo ndefu ya Novemba na Desemba, mtaa unafurika watu wa miaka 16 na 17 ambao miezi mitatu hawajaonana, hawana pa kukutania, na wanaulizwa kila nyumba wanayoingia, "umekuja kufanya nini?"

Jengo lenye ukubwa ule ule na saa zile zile mwaka mzima litakuwa tupu Februari na dogo Agosti. Je, linafungwa saa ngapi?

#6 Mchora_Ramani
Saa kumi na moja. Jumatatu hadi Ijumaa.

#7 Mwalimu_wa_Junia
Basi tufunge uzi. Darasa langu linatoka saa kumi, kisha michezo, kisha kutembea nyumbani. Wakifika mlangoni mlinzi anatafuta kufuli. Umechora kituo cha watu walio shuleni, kikawa wazi wakati wako shuleni.

#8 Mchora_Ramani
Saa sikuzichora mimi, Mwalimu. Wala huo mradi si wangu. Lakini hata nikikubali la saa, kwa nini Jumamosi wakati kuna semina na mlango uko wazi bado wanakaa nje?

#9 Mulembe_Kakamega
Mulembe. Semina ya nani hiyo? Huku kwetu kila ukumbi unaoitwa wa vijana Jumamosi una harusi au mkutano wa kamati ya matanga, na Jumapili una kanisa, wakati mwingine mawili kwa zamu, spika zikishindana. Ni mapato, naelewa, lazima stima ilipwe. Lakini kijana akifika wikendi mbili akute viti vimefungwa vitambaa vyeupe na utepe, ya tatu harudi. Hakuna haja ya nadharia kubwa.

#10 Kijana_wa_Rhonda (Nakuru)
@Mulembe_Kakamega nyinyi mna bustani ya Muliro Gardens na wapenzi wake, mnalalamika nini?

#11 Mulembe_Kakamega
Muliro Gardens isiguswe kwenye uzi huu. Kuna wazee humu.

#12 Chifu_Mstaafu
Tupo, na tunasoma.

Nimesikiliza mengi, sasa niseme. Vijana wa zamani walikuwa na kumbi na walizijaza. Hapa Kisumu kuna Ofafa Memorial Hall, iliyojengwa na chama cha Luo Union kwa kumbukumbu ya diwani Ambrose Ofafa. Watu walikutana, walicheza dansi, walijadili. Kule Nakuru kuna ule ukumbi wa ndondi wanaouita Madison Square Garden. Hapakuwa na vigae wala kompyuta. Palikuwa na mfuko wa mchanga wa kupiga na kocha mkali. Philip Waruinge alitoka Nakuru hiyo hiyo akaleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Mexico. Kilichowaleta ni nidhamu na kitu kimoja cha kufanya. Ninyi mnataka mahali pa kukaa tu. Kukaa tu ndiko kunakozaa bangi na mimba. Na niseme wazi, kuchanganya wasichana na wavulana wa miaka 15 kwenye chumba kimoja bila mtu mzima, mimi siungi mkono hata kikiwa na mchoro wa dhahabu.

#13 Mkutubi_Nakuru
Mzee wetu Chifu, shikamoo. Rekebisho dogo: Waruinge alipata shaba Mexico 1968, na ndiye aliyepewa kombe la Val Barker la bondia bora wa michezo ile. Munich 1972 akapata fedha. Dhahabu ya ndondi ya Kenya ni ya Robert Wangila, Seoul 1988.

#14 Chifu_Mstaafu
Shaba iliyobeba kombe la bondia bora, hiyo kwangu ni dhahabu.

#15 Dada_wa_Shabab (mtaa wa Shabab, Nakuru)
Nimesoma kutoka juu nikisubiri mtu aulize. Hao waliokaa ukutani ni kina nani? Mchora, ulihesabu wasichana wangapi?

#16 Mchora_Ramani
Wachache sana. Labda wawili watatu, na hao wamesimama, hawajakaa.

#17 Dada_wa_Shabab
Nilijua. Uzi mzima tunasema "vijana" na tunazungumzia wavulana.

Nikiwa na miaka 14 palikuwa na kituo karibu nasi chenye uwanja wa kikapu umezungushiwa waya, mlango mmoja. Kuingia ilibidi upite katikati ya wavulana wote. Ukishaingia, kutoka ni kupita tena pale pale. Nani anataka kuchambuliwa mara mbili kwa siku? Halafu saa kumi na moja hadi saa moja mnazozitaja kwa furaha, hizo ni saa za maji, za kupika, na za kumshika mtoto wa mama. Mimi nilikuwa nabeba mdogo wangu mgongoni. Kituo kilikuwa na sheria, watoto chini ya miaka 10 hawaruhusiwi. Kwa hiyo mimi pia sikuruhusiwa, ila haikuandikwa hivyo.

Mji wa Vienna, Austria, walilichunguza hili katikati ya miaka ya 1990. Wakaona wasichana wakishafika umri wa miaka tisa kumi hivi wanapotea kwenye bustani za umma na wavulana wanabaki. Hawakuhubiri. Walichukua bustani mbili, Einsiedlerpark na Bruno-Kreisky-Park, wakatengeneza njia vizuri, wakaongeza sehemu za voliboli na badminton, wakagawanya uwanja mkubwa mmoja kuwa nafasi kadhaa ili kundi moja lisimeze zote. Wasichana wakarudi. Na Vienna hakuna wa kubeba maji.

Kwa hiyo nikichora mimi: viti vinavyotazamana, si safu zinazotazama jukwaa. Milango miwili au mitatu. Choo chenye komeo la ndani linalofanya kazi, ndoo yenye kifuniko, na maji. Kona ya mdogo wangu, hata mkeka tu. Na taa njiani, si kwenye jengo pekee. Tuna mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, inayoangaza paa la soko usiku kucha, na chini yake uchochoro wa kwenda nyumbani ni giza.

#18 MamaTatu_Migosi
Dada, hapo umenena. Hiyo ya mtoto mgongoni mimi ndiye ninayewatuma wangu hivyo hivyo. Lakini nikikosa kumtuma, chakula kitapikwa na nani, nikiwa bado sokoni Kibuye nauza?

#19 Hesabu_Kali
Niongeze la karatasi kwa sababu hakuna aliyeligusa. Katiba ya 2010, kifungu cha 260, kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Chini ya 18 ni mtoto. Sasa angalia fedha. Miradi ya "vijana" inamlenga mwenye kitambulisho: mikopo, mafunzo ya kazi, mashindano ya wadi. Miradi ya "watoto" ni chekechea na makao ya uokoaji. Mwenye miaka 15 anaanguka katikati. Ndiyo maana kituo kina kompyuta za kutafutia kazi. Kilichorwa kwa mtu wa miaka 26 kikatundikwa bango la jumla.

#20 Jirani_wa_Mamboleo
Maktaba basi iwashughulikie. Lakini maktaba ni za serikali kuu, gavana ataambiwa hayamhusu.

#21 Hesabu_Kali
Hapana. Soma Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili. Maktaba, makumbusho, michezo, bustani na maeneo ya burudani za kaunti, zote ni kazi za kaunti. Gavana hana pa kukimbilia.

#22 Fundi_Mabati (Nyamasaria)
Mnazunguka sana. Mimi nimejenga kumbi. Niulizeni mimi.

Paa ni mabati ya geji 30 bila siling'i. Madirisha ni ya kioo, nusu hayafunguki. Kuta hazina matundu ya hewa juu. Jua la Kisumu la saa nane linaingia kwenye mabati hayo na halitoki. Saa kumi na moja nje kuna upepo wa ziwa, ndani kuna jiko. Halafu Machi hadi Mei mvua inakuja alasiri, na mvua ya huku mnaijua, na radi yake. Ikianza kupiga mabati matupu, mwalimu akiwa mita mbili kutoka kwako humsikii. Kituo cha kujifunzia! Unajifunza nini, kusoma midomo?

Hao watoto wako nje kwa sababu nje ni baridi na kunasikika. Basi. Weka siling'i, fungua matundu juu ya ukuta pande mbili na uyawekee wavu wa mbu, rudisha veranda pana upande wa magharibi. Uone kama hawataingia.

#23 Mchora_Ramani
Fundi, asante, hiyo ni hoja ya mchoro, kwa hiyo uko upande wangu.

#24 Fundi_Mabati
Siko upande wa mtu. Mchoro nilioupata ulikuwa na siling'i. Ikakatwa kwenye gharama. Uliza nani alikata.

#25 Kijana_wa_Rhonda
Kwa hiyo huku Nakuru kwenye baridi tungejaa ndani? Kumbi zetu pia ni tupu, Fundi. Joto si jibu la kila mahali.

#26 Fundi_Mabati
Nakuru mna vumbi. Mimi nasema ya Kisumu.

#27 Mkuu_wa_Mwanza
Wakuu, salamu kutoka upande wa pili wa ziwa. Nimecheka hapo kwa Chifu na shaba yake.

Huku tunasema kijiwe. Kijiwe hakijengwi, kinaota. Kuna mti, kuna benchi la fundi baiskeli, kuna mama wa vitumbua, jioni vijana wamejaa. Serikali ikija kukiboresha, ikaweka uzio na ratiba, kijiwe kinahama mtaa wa pili. Mimi naona mngeacha ukuta wa mtaro kama ulivyo, mkaufunika mtaro wenyewe wasije wakavunjika miguu, mkapanda miti miwili. Pesa inayobaki ikanunue vitabu vya shule. Jengo la nini?

#28 Dada_wa_Shabab
Mkuu, kijiwe kinaota kwa wavulana. Niambie kijiwe kimoja cha wasichana wa miaka 15 hapo Mwanza, nami nitafunga mdomo.

#29 Mkuu_wa_Mwanza
Saluni.

#30 Dada_wa_Shabab
Saluni ni kazi ya mtu. Ukikaa bila kusuka unaondolewa. Lakini nimekupa nusu alama, kwa sababu ndiyo kweli, tulikuwa tunakaa saluni.

#31 Mkutubi_Nakuru
Nirudi kwa Chifu na hoja yake ya "kukaa tu", maana ndiyo nimeishi nayo kazini. Maktaba nyingi hapa nchini zimejaa watu wanaosoma daftari zao wenyewe. Wanakodolea meza, si rafu. Wanataka mahali patulivu penye taa. Hao tunawapokea vizuri. Ila kundi la watoto wanne wa miaka 14 likiingia likicheka tunalitoa, na tunaona tumefanya kazi.

Chicago mwaka 2009 maktaba kuu ya mji, Harold Washington, ilifungua ghorofa ya chini sehemu ya vijana wa sekondari peke yao, YOUmedia. Waliitumia kazi ya mtafiti Mizuko Ito na wenzake, aliyeona vijana hujifunza kwa hatua tatu: wanakaa pamoja kwanza, kisha wanachezea vifaa, kisha wachache wanazama kabisa kwenye kitu kimoja. Nafasi ikagawanywa hivyo hivyo. Makochi na vitafunio, halafu kompyuta na kamera za kujaribia, halafu studio ya kurekodi. Kukaa tu hakukuwa uvivu, kulikuwa mlango. Mtoto anayekuja kuchaji simu leo ndiye anayeuliza wiki ijayo ile maikrofoni inafanyaje kazi.

Chifu, hapa mimi na wewe tunakutana, hata kama hutaki: kule kulikuwa na watu wazima, wasanii na walimu waliolipwa kuwepo. Kocha wako wa ndondi alikuwa hivyo. Kilichokosekana kwenye ukumbi wa Mchora si kochi. Ni kocha.

#32 Chifu_Mstaafu
Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo. Umetumia Chicago kunirudishia maneno yangu.

#33 Hesabu_Kali
Na hapo kwenye "waliolipwa" ndipo mnapogonga ukuta. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Jengo ni maendeleo. Kocha ni mshahara, na mishahara kila mwaka inapigiwa kelele kwamba imezidi. Kwa hiyo mfumo wenyewe unasukuma kujenga, kisha jengo linakaa bila mtu. Jengo linakatwa utepe. Kocha hakatwi utepe.

#34 Mulembe_Kakamega
Na jengo zuri peke yake lina hatari yake. Medellín kule Kolombia walijenga maktaba za bustani kwenye mitaa ya mlimani, dunia nzima ikaenda kupiga picha. Ile maarufu zaidi, Biblioteca España, ilifunguliwa 2007. Ikafika 2015 ikafungwa kwa sababu jengo lenyewe lilikuwa na kasoro, ikakaa hivyo kwa miaka. Watoto wa pale walikuwa wamezoea kuingia. Fundi, nani alikata siling'i huko?

#35 Fundi_Mabati
😂 Hao walikata zaidi ya siling'i.

#36 Kijana_wa_Rhonda
Mnaniruhusu? Mimi nina miaka 19, nadhani ndiye wa karibu zaidi na huo umri kwenye uzi huu wote. Posti thelathini na tano kuhusu watu wa miaka 15 na hakuna hata mmoja humu.

Nilipokuwa shule kulikuwa na kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bustani fulani. Tuliitwa. Tukapewa tishati, tukaimba wimbo wa kukaribisha wageni, tukapigwa picha, tukapewa soda. Mchoro ulikuwa tayari umebandikwa ukutani. Baadaye nikasoma kuhusu mtafiti Roger Hart, aliyeandikia UNICEF mwaka 1992 kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto, vidato vinane. Cha chini ni kuwatumia kwa hila. Cha pili ni pambo, na mfano wake ni watoto waliovikwa tishati wakaimba. Nilihisi alikuwa amekaa pale kwetu nyuma.

Inawezekana kufanya tofauti. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, na Mojang, kampuni ya mchezo wa kompyuta wa Minecraft, walianza mradi wa Block by Block 2012, na uwanja wa Silanga pale Kibera ulikuwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo. Vijana walijengewa ramani ya uwanja wao ndani ya Minecraft, wakaingia kuhamisha vitu wenyewe. Mtu wa miaka 15 ambaye hasomi mchoro wa Mchora anaweza kukuonyesha mle ndani kwamba taa umeiweka nyuma ya ukuta.

#37 Kibanda_cha_Gemu
Nimeambiwa nawapotosha. Kumbe nafanya kazi ya Umoja wa Mataifa.

#38 MamaTatu_Migosi
Bado hujarudisha nauli.

#39 Mwalimu_wa_Junia
Kijana, nakubali, lakini nina wasiwasi mmoja. Ukiwauliza gredi ya 8 wanataka nini, watasema meza ya puli, waifai na bwawa la kuogelea. Niliwauliza. Ni orodha ya vitu walivyoona kwenye simu. Swali lililonipa kitu lilikuwa jingine: jana baada ya shule ulipita wapi, ulisimama wapi, nani alikufukuza. Hapo daftari zilijaa. Mlango wa duka la dawa wenye ngazi za saruji. Nyuma ya kanisa. Stendi ya bodaboda hapana, wasichana wote waliizunguka kwa mbali. Mmoja aliandika kwamba anapenda kuketi kwenye benchi la zahanati kwa sababu pale hakuna anayemuuliza kitu, wanadhani anasubiri daktari.

#40 Dada_wa_Shabab
Huyo wa benchi la zahanati naomba ndiye awe mchoraji.

#41 Mchora_Ramani
Mwalimu, hilo swali naliiba.

Nimechukua mengi. Kwenye karatasi yangu sasa kuna veranda pana kuzunguka pande tatu, ili mtu awe kituoni bila kuwa ndani. Benchi za saruji za kimo cha sentimita 45 zinazotazamana, soketi chini ya benchi. Milango mitatu. Siling'i, Fundi, kwa herufi kubwa. Choo na bomba vielekee barabarani, viuze maji na huduma kwa mtaa. Pale Kibera maeneo ya umma yaliyojengwa na vikundi vya wakazi pamoja na shirika la Kounkuey Design Initiative yaliunganisha vyoo, maji na vibanda vya biashara ili mapato yahudumie mahali penyewe. Hiyo ndiyo njia yangu ya kumjibu Hesabu_Kali, kocha alipwe na choo.

Daftari bado nalipinga. MamaTatu, kama mlinzi anakaa verandani na anawajua watoto kwa majina, daftari la nini?

#42 Hesabu_Kali
Choo cha shilingi kumi hakiwezi kumlipa kocha, Mchora. Piga hesabu ya maji, sabuni, anayesafisha na stima. Utabaki na nauli ya MamaTatu.

#43 Chifu_Mstaafu
Na hizo veranda za pande tatu, usiku nani anazilinda? Utawajengea walevi pa kulala. Mimi nimetawala, najua veranda.

#44 MamaTatu_Migosi
Mlinzi anayewajua kwa majina anahamishwa baada ya uchaguzi. Daftari linabaki.

#45 Fundi_Mabati
Soketi chini ya benchi, nje, Kisumu, na mvua ya Aprili? Mchora, unataka kuwaua. Weka juu ukutani, kimo cha mita moja na nusu, chini ya paa, zenye vifuniko, na swichi kuu iwe ndani.

#46 Kibanda_cha_Gemu
Mita moja na nusu simu zitaning'inia na waya. Zitaibwa. Weka rafu ndogo chini ya kila soketi. Kwangu nimeweka, na tangu hapo hakuna simu iliyoanguka.

#47 Mkutubi_Nakuru
Rafu hiyo hiyo ikiwa pana kidogo inashika kitabu.

#48 Kibanda_cha_Gemu
Nilijua utafika hapo.

#49 Mchora_Ramani
Nataka kwenda pale na futi kamba, nipime ukuta ule na niwaulize swali la Mwalimu. Dada_wa_Shabab, wajua mtu Kisumu wa kuongea na wasichana kando? Kibanda, wateja wako wanakusikiliza, njoo nao Jumamosi.

#50 Dada_wa_Shabab
Binamu yangu yuko Manyatta, anafundisha kusuka. Nitamtuma. Msiweke asubuhi, asubuhi ya Jumamosi ni kufua.

#51 Kibanda_cha_Gemu
Jumamosi mchana nina mashindano, sifungi. Wekeni Jumapili, tukutane ndani ya ukumbi.

#52 Mulembe_Kakamega
Jumapili kuna kanisa.